Mwepesi kwa Nani

Tarehe 14 Juni 1994, katika rejista ya ofisi ya vipimo, ukurasa wa 31, mstari wa nne, iliingizwa leseni ya fundi aliyeruhusiwa kurekebisha na kuhakiki mizani za hadi kilo mia tatu. Jina lililoandikwa kwenye mstari huo halitumiki tena na mtu yeyote, hata mkewe. Watu wote wanamwita Gramu.

Jina hilo alibandikwa na muuza sukari mmoja ambaye mizani yake ilifungiwa kwa kosa la gramu nne. "Gramu nne ni kitu gani, fundi?" aliuliza yule mfanyabiashara, akiwatazama wateja wake ili wamsaidie kucheka. Fundi akajibu, "Ni gramu nne." Wateja wakacheka kweli, ila hawakumcheka fundi.

Ana miaka sitini na mmoja. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho karakana: meza nzito chini ya dirisha, dirisha lenyewe limefungwa kwa sababu upepo una uzito, na feni ya dari iliyokatwa waya zamani ili mtu asije akaiwasha kwa kusahau. Mawe yake ya mizani, ya shaba, yamelala kwenye kitambaa cha kijani kuanzia la gramu moja hadi la kilo tano. Hayaguswi kwa kidole. Jasho nalo lina uzito. Wajukuu wake walijifunza kupita mbele ya mlango ule kwa kunyata kabla hawajajua kuhesabu.

Kazi yake hasa siku hizi ni mizani za kupimia watoto wachanga. Mtoto akionekana ameongezeka gramu mia mbili kumbe mizani imezeeka, mama anarudishwa nyumbani akiwa na furaha ya uongo. Gramu husema hivyo kwa sauti ileile anayotumia kuomba chumvi.

Kazi hiyo haifanyi peke yake. Yeye hupima na kusoma namba kwa sauti. Mkewe hukaa kwenye meza ya pembeni, huziandika, hutoa cheti kwenye printa ndogo, naye Gramu husaini. Mkewe alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya bima kwa miaka kumi na tisa, na mahospitalini wanamfahamu kwa jina la Mama Cheti. Bila namba hakuna cheti, lakini bila Mama Cheti namba hubaki hewani, na mizani isiyo na cheti hairuhusiwi kurudi kazini.

Kifaa chao cha kuandikia ni kompyuta mpakato ndogo, ile jamii iliyowahi kuuzwa kwa jina la netibuku: kioo cha inchi kumi, gigabaiti moja ya memori, na moyo ambao hata siku ilipotoka kiwandani haukuwa wa kukimbia. Gramu aliipenda kwa sababu moja. Sanduku lake la mbao alilichonga mwenyewe na kila kitu humo kina kitanda chake. Kitanda cha kompyuta kina upana wa sentimita ishirini na saba, na ile ndogo huingia humo kama yai kwenye kasha. Waliomshauri anunue kubwa aliwaonyesha sanduku.

Tatizo ni kwamba kompyuta ile ilikuwa imechoka. Siku moja, kwenye wodi ya wazazi ya hospitali kubwa, iliwashwa saa mbili kamili asubuhi na ilipofika saa mbili na robo bado ilikuwa inazungusha kile kiduara chake. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, watoto mapajani, na mizani zote kumi na nne zilikuwa zimewekwa pembeni kusubiri vyeti. Muuguzi mkuu, mwanamke mfupi asiyependa kurudia maneno, alikuja akasimama nyuma ya Mama Cheti.

"Inafanya nini?"

"Inafikiria," alisema Mama Cheti.

"Inafikiria nini muda wote huu? Kuoa?"

Siku ile walimaliza saa tisa alasiri. Muuguzi mkuu alimwita Gramu kando na kumwambia kwa upole kwamba yeye hawezi tena kukaa bila mizani zake hadi alasiri. Duru ijayo ilikuwa Alhamisi baada ya wiki mbili. Vyeti vyote kumi na vinne viwe mezani kwake kabla ya saa sita mchana, la sivyo kuna kampuni moja imeleta barua, nayo ina vijana wanne na kompyuta mpya. Gramu aliitikia kwa kichwa.

Jumanne iliyofuata alimwendea shemeji yake, mdogo wake Mama Cheti, ambaye ana kibanda cha kutengeneza kompyuta kilichojaa nyaya hadi mtu anaingia kwa ubavu. Shemeji aliifungua ile ndogo, akaisikiliza kama daktari, akaifunga.

"Haiumwi, shemeji. Imebebeshwa tu. Huo mfumo uliomo uliundwa kwa ajili ya mashine zenye nguvu mara nne ya hii. Umemtwisha mbuzi mzigo wa punda."

"Nimtue?"

"Mtue. Weka mfumo wa Linux, ile nyepesi. Haidai leseni, na watu dunia nzima wanaishonea kila mtu mtindo wake. Kuna Lubuntu, kuna antiX, kuna Puppy."

"Papi si mtoto wa mbwa?"

"Ndiye huyo."

"Sasa umeniondoa kwenye punda unanipeleka kwa mbwa."

Shemeji alicheka mpaka akashika meza. Kisha akamjazia flashi saba, kila moja na mfumo wake, akazifunga karatasi za rangi mbalimbali zisichanganyike, na kumfundisha namna ya kuwasha kompyuta kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani. "Jaribu zote, chagua utakayoipenda," alisema.

Kumwambia Gramu achague anachokipenda ni kupoteza pumzi. Gramu hapendi vitu, huvipima. Alipofika nyumbani, kabla ya yote, alimuuliza mteja. Mama Cheti alikuwa anapanga nguo, safari ya siku tatu kwenda kwa dada yake aliyejifungua.

"Mama Cheti, nabadilisha mfumo wa kompyuta. Unataka wa namna gani?"

"Wowote," alisema, akitafuta soksi ya pili. "Mradi uwe mwepesi."

Gramu alikwenda karakana, akafungua daftari la mistari, na juu ya ukurasa akaandika: Mteja anataka mwepesi. Akapiga mstari chini ya neno la mwisho kwa rula.

Siku tatu zile zilikuwa tamu kwake. Alichora safu nne: rangi ya flashi, sekunde za kuwaka, megabaiti za memori zinazoliwa mfumo ukiwa umekaa tu bila kufanya kazi, na nafasi ya diski. Kila flashi aliiwasha mara tatu akachukua wastani. Kati ya moja na nyingine aliiacha kompyuta ipoe kwa dakika kumi, kwa sababu joto hubadilisha vipimo, akitumia muda huo kupangusa vumbi kwenye mawe kwa brashi laini. Shemeji alipita jioni ya pili akamkuta ameinama na saa ya kusimamisha mkononi.

"Shemeji, hii ni kompyuta, si mchele."

"Kila kitu kina uzito," alisema Gramu bila kuinua macho. "Ya zambarau na ya kahawia zimekataa kuwaka kabisa."

"Hizo zinataka kichakataji, ule ubongo wa mashine, cha biti sitini na nne. Hiki chako ni cha thelathini na mbili. Nilikuwekea kwa bahati mbaya."

"Ungesema. Nimewasha mara tatu kila moja."

"Imekataa mara ya kwanza, ukarudia mara mbili?"

"Nilitaka wastani."

Flashi ya bluu ilikula megabaiti mia tatu na moja. Ya kijani mia mbili na kumi na nne. Nyekundu mia moja arobaini na nane. Ya manjano mia na tisa. Nyeupe ilikula sitini na mbili, ikawaka kwa sekunde thelathini na nane, na Gramu alipoona namba hiyo aliwasha upya akidhani amesoma vibaya. Sitini na mbili. Akawasha tena. Sitini na mbili. Alikaa kitako kwenye kiti chake, akaitazama ile kompyuta kwa jicho ambalo kwa kawaida aliliweka akiba kwa mizani za zamani za Kijerumani.

Ijumaa asubuhi alinakili fomu zote za vyeti kwenye flashi mbili, akafuta kila kitu kilichokuwemo, akasimika ile nyeupe. Shemeji alimwuliza kwenye simu kama ana uhakika, maana ile ni ya watu wanaojua kuandika amri. Gramu alimsomea namba. Shemeji akasema sawa, hiyo namba ni nzuri.

Mama Cheti alirudi Jumamosi, akanawa, akanywa maji, akaketi mbele ya kompyuta. Mumewe alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, kama mtu aliyeficha zawadi. Sekunde thelathini na nane zikapita. Kioo kikawa cheusi, na kwenye kona ya juu kukawa na kistari kimoja cheupe kinachopepesa.

Mama Cheti alisubiri.

"Bado inawaka?" aliuliza.

"Imeshawaka."

"Iko wapi?"

"Nini kiko wapi?"

"Kompyuta, Baba. Mimi naona ukuta."

"Ndiyo hiyo. Megabaiti sitini na mbili."

"Fomu zangu ziko wapi? Kile kipicha cha bahasha kiko wapi? Cha printa?"

"Vipicha vinakula memori."

Aligusa pedi ya kusogezea mshale. Hakukuwa na mshale. Aligusa tena, taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa, kisha akakunja mikono mapajani.

"Nilikwambia nataka mwepesi."

"Huu ndio mwepesi kuliko yote. Nimepima mara tatu tatu. Njoo nikuonyeshe daftari."

"Mwepesi kwa nani?"

Gramu aligeuka kuitazama kompyuta.

"Kwa mashine," alisema hatimaye.

"Basi Alhamisi mashine iende hospitali ikaandike vyeti," alisema Mama Cheti, akainuka. Mlangoni aligeuka, sauti yake ikiwa imetulia kuliko Gramu alivyotaka iwe. "Sitaenda kukaa mbele ya yule muuguzi na benchi zima la akina mama, nimeukodolea macho ukuta. Aibu ya siku ile inanitosha. Nibadilishie, au tafuta mwandishi mwingine."

Gramu alibaki karakana. Alifungua daftari akasoma mstari wa kwanza, ule wa rula. Neno lilikuwa lilelile na mwandiko wake mwenyewe, ila sasa lilikuwa linamtazama kwa upande mwingine. Mwepesi, usio na uzito. Mwepesi, usiosumbua. Alikuwa amemhakiki mteja wake kwa jiwe ambalo mteja hakuliomba. Na Alhamisi, siku tano zilizobaki, bila mkewe hakuna cheti hata kimoja, na kabla ya saa sita muuguzi mkuu angekuwa ameinua simu kuwaita wale vijana wanne.

Jumapili mchana shemeji aliitwa. Alisikiliza pande zote mbili, akajitahidi kutocheka, akashindwa.

"Dada, kumbe ulitaka wa mteremko."

"Nilitaka nisijue kama upo. Kama kiatu kizuri."

"Na wewe shemeji ukampa wenye uzito wa unyoya."

"Alisema mwepesi," alisema Gramu. "Ipo kwenye daftari."

Walikubaliana kupima upya, safari hii kwa kipimo kingine: tangu Mama Cheti anapobonyeza kitufe cha kuwashia hadi cheti cha kwanza kinapotoka kwenye printa. Gramu alichora safu mpya, akaiita Sekunde za mwandishi. Walianza na flashi ya kijani, yenye vipicha vyote, mandhari ya maua na saa pembeni. Iliwaka kwa karibu dakika mbili. Mama Cheti alitabasamu kidogo alipoiona bahasha yake. Akafungua fomu, akaandika namba za mfano, akaagiza kuchapa. Dirisha likaruka kuuliza nakala ngapi, ukurasa upi, karatasi gani.

"Nimejibu. Sasa nibonyeze wapi?"

"Sawa," alisema shemeji.

"Sawa nini?"

"Kitufe kilichoandikwa Sawa, dada, chini pale."

"Chini pale hakuna kitu."

Shemeji aliinama. Kioo cha inchi kumi kilikuwa kifupi kuliko dirisha lenyewe, na kitufe cha Sawa kilikuwa kimezama chini ya ukingo, mahali ambapo mshale haufiki. Alimwonyesha namna ya kushika kitufe cha Alt na kulivuta dirisha zima juu. Mama Cheti akalivuta, likamponyoka, mshale ukakimbilia kwenye maua, faili nyingine ikafunguka. Akafunga. Akarudia. Karatasi ilipotoka, saa ya Gramu ilisoma dakika kumi na moja na sekunde tano.

Vyeti kumi na vinne kwa dakika kumi na moja ni hesabu ambayo wote watatu waliipiga kichwani, na wote walifika palepale: alasiri.

"Hebu nirudishieni ule ukuta," alisema Mama Cheti.

Shemeji alimtazama Gramu. Naye akatazama pembeni.

"Umesema hutaki kuuona," alisema shemeji.

"Angalau ukuta hauna kitufe cha kuzama. Unataka nini huo ukuta wenu?"

"Unaandika neno, unapiga Enta, unafanya."

"Neno gani?"

"Lolote. Nikiliweka mimi, litakubali."

"La Kiswahili?"

"Hata la matusi, dada."

Shemeji alichomoa flashi na kuwasha upya; ukuta uliporudi, Mama Cheti aliisogeza kompyuta karibu, akanyoosha mgongo, akaweka vidole kwenye kibodi kwa namna ambayo Gramu hakuwa ameiona kwa miaka mingi: viganja juu, viwiko vimebanwa, macho mbele. Aliandika jina lake lote kwenye ule weusi bila kutazama chini. Herufi zilitokea papo hapo.

"Miaka kumi na tisa," alisema, akizungumza na kile kistari zaidi kuliko na wao. "Hakuna mashine iliyowahi kunionyesha picha. Unaweka karatasi, unaandika. Sasa nyie, wanaume wawili wazima, mbona hamkuniambia kwamba hii ni taipureta?"

Gramu aliandika kitu kwenye daftari ili apate mahali pa kuweka macho.

Maneno aliyachagua mwenyewe. Cheti, kufungua fomu mpya. Chapa, kutoa kwenye printa. Weka, kuhifadhi. Zima, kuzima. Akataka herufi ziwe kubwa mara mbili, na fomu ijipe tarehe yenyewe kwa sababu amechoka kuandika tarehe. Shemeji alishona yote hayo kwa muda wa saa moja na nusu, akinung'unika kwamba hajawahi kuwa na mteja anayejua anachotaka, jambo linalochosha sana. Kwenye neno la nne Gramu aliingilia. Alitaka kompyuta iulize kwanza, Una uhakika, kabla ya kuzima.

"Miaka thelathini na miwili ya ndoa," alisema Mama Cheti, "na sasa kompyuta nayo iniulize kama nina uhakika?"

Swali halikuwekwa.

Jaribio la kwanza lilichukua dakika tatu na sekunde kumi, kuwasha kukiwemo. La pili, kompyuta ikiwa tayari inawaka, dakika moja na nusu. Gramu alitaka la tatu ili apate wastani, na mkewe akampa, kwa huruma.

Alhamisi walifika hospitali saa mbili kasoro dakika kumi. Mama Cheti alitandika kitambaa kwenye meza ya korido, akaweka kompyuta kushoto, printa kulia. Muuguzi mkuu alipita mara ya kwanza, akauona ule weusi, akasimama.

"Imekufa?"

"Iko macho," alisema Mama Cheti. "Inasubiri wanaume."

Kufikia mizani ya tano, zamu ya nani anamsubiri nani ilikuwa imegeuka. Gramu, aliyezoea kupata nafasi ya kupumua wakati kompyuta inafikiria, alijikuta hajainua jiwe linalofuata na mkewe tayari amekunja mikono. "Namba, Baba," alisema kwa sauti ya chini ili mabenchi yasisikie, na mabenchi yakasikia. Mama mmoja mwenye mapacha alicheka kwa pua. Kwenye mizani ya tisa Gramu alikwama. Ilikuwa inazidisha gramu sabini, akairekebisha, ikazidisha ishirini, akairekebisha, ikarudi sabini. Alitumia juu yake dakika ishirini na mbili. Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa tano. Duru iliyopita angebaki hapo hadi imnyenyekee. Safari hii aliifunga kitambulisho chekundu cha kukataliwa, akasoma namba zake kwa sauti kavu, na cheti cha kukataliwa kikatoka kabla hajavua miwani.

Cha kumi na nne kilisainiwa saa tano na dakika thelathini na sita. Muuguzi mkuu alivihesabu vyote, akasoma kile cha mizani ya tisa hadi mwisho, akaagiza iondolewe wodini. Halafu akachukua kalenda ya mezani, akaandika duru sita zilizobaki za mwaka kwa jina la Gramu, na barua ya ile kampuni akaiweka kwenye droo.

Jumanne ijayo wanakwenda kwenye zahanati mbili zenye jumla ya mizani tisa. Mama Cheti atafungasha sanduku Jumatatu mchana, na wataondoka nyumbani saa moja na nusu asubuhi.